"Mimi si bingwa. Nani ataniandikia muziki wa klarineti?"

"Mwalimu, shikamoo. Nina miaka 27 na napiga klarineti, mwaka wa sita sasa, katika bendi ya gwaride ya kikosi chetu. Bendini tunapiga vya wote, na nikiwa peke yangu napiga vipande vilivyoandikwa Ulaya zamani. Nimesoma kwamba Mozart, Weber na Brahms waliandika kazi zao za klarineti baada ya kumsikia bingwa fulani aliyewatia moto. Nina rafiki, mwalimu wa kwaya, anatunga nyimbo za kanisa kwa solfa. Anasema angependa kuniandikia kitu ila anaogopa, kwa kuwa klarineti haijui kabisa. Na mimi naogopa kwa kuwa si bingwa. Je, nisubiri mpaka nifike kiwango cha kumtia mtunzi moto? Hao mabingwa walifanya nini hasa? Na akiandika, nimlipe? Kazi itakuwa ya nani?"

Marahaba, mwanangu. Nikisoma barua yako nawaona watu wawili wamesimama mlangoni, kila mmoja akimwambia mwenzake atangulie. Wewe unangoja uwe bingwa ndipo uandikiwe. Rafiki yako anangoja aijue klarineti ndipo aandike. Nasema ingieni wote wawili, tena sasa. Na ushahidi wangu ni mabingwa walewale uliowasoma, kwa sababu habari zao husimuliwa kwa mkato, na kinachoachwa kwenye mkato ndicho kinachokuhusu wewe.

Tuanze na Brahms, maana habari yake ndiyo hasa inayosimuliwa kama muujiza. Mwaka 1890, akiwa na miaka 57, alimdokeza mchapishaji wake kwamba safari yake ya utunzi inafika mwisho. Machi 1891 akaenda Meiningen, mji mdogo wa Ujerumani, kusikiliza okestra ya mtawala wa huko. Mpiga klarineti mkuu alikuwa Richard Mühlfeld. Majira ya joto ya mwaka huohuo, akiwa mapumzikoni Bad Ischl kule Austria, Brahms akaandika kazi mbili: moja ya klarineti, chelo na piano, nyingine ya klarineti na ala nne za nyuzi. Mwaka 1894 akaongeza sonata mbili za klarineti na piano. Mzee aliyetaka kupumzika akarudi kazini kwa sababu ya mtu mmoja. Hadi hapo ni kweli tupu.

Ila angalia kilichotokea kati ya kusikia na kuandika. Brahms alimwomba Mühlfeld ampigie faragha, wawili tu, akakaa akimuuliza habari za ala yake. Mühlfeld akampigia vipande alivyovijua. Hapa hapakuwa na radi iliyompiga mtunzi kutoka jukwaani. Palikuwa na chumba, viti, na mtu mmoja anayeuliza "na hapa inakuwaje?" huku mwenzake akipuliza kumjibu. Na Mühlfeld mwenyewe aliingia okestra ile kama mpiga fidla; klarineti alijifunza mwenyewe. Nadhani ndiyo maana alipuliza kama mtu anayevuta upinde, sauti moja ndefu isiyokatika, na Brahms katika barua zake akamtania kwa upendo kwa kumwita Bi. Klarineti.

Tafuta ile kazi ya ala tano, yenye namba 115, uisikilize sehemu ya pili. Fidla, viola na chelo zimefungwa kizuizi ili sauti iwe ya kunong'ona. Klarineti inaingia juu yake taratibu mno, noti ndefu, wala hakuna hata moja ya kuonyesha wepesi wa vidole. Katikati ya sehemu hiyo nyuzi zinaanza kutetemeka, na klarineti inaachiwa itangetange kama wapigaji wa Kihungari, mara ipande, mara ianguke, mara isimame peke yake hewani. Ukisikiliza pale utajua Brahms alichokipenda kwa Mühlfeld: namna alivyoshika noti moja na kuifanya iendelee kusema. Kwa hiyo, mwanangu, anayekwambia mtunzi hutiwa moto na kasi, mwonyeshe sehemu hiyo.

Sasa nieleze kwa nini mtunzi anamhitaji mtu, asitosheke na kitabu cha mafunzo. Sababu imo ndani ya bomba lenyewe. Klarineti ni bomba lenye upana karibu sawa kuanzia juu hadi karibu na mwisho, na upande wa ridi, ule ulimi wa tete unaoufunga kwenye mdomo wa ala, linatenda kama limezibwa. Filimbi ukiipuliza kwa namna ya kuipandisha inaruka okteva moja: do inakuwa do ya juu. Klarineti hairuki hivyo. Ukigusa kile kibonyezo cha nyuma kwa kidole gumba, do inapita do ya juu na kwenda kutua kwenye so iliyo juu yake. Mruko huo mkubwa ndio unaoigawa ala yako vipande. Chini kuna sauti nene, ya giza, karibu na besi na tenori za kwaya. Juu kuna sauti ya wazi, inayong'aa. Katikati, kabla ya kuvuka, kuna noti chache unazozijua vizuri kwa tabu zake: vidole karibu vyote vimeachia, bomba linalotumika ni fupi, na sauti inatoka nyembamba kama ya mtu mwenye mafua. Zaidi ya hapo, klarineti ina uwezo ambao ala nyingi za kupuliza zinautamani, nao ni kuanza noti kutoka kimya kabisa, msikilizaji asijue imeanza lini.

Kitabu kitamwambia mtunzi kwamba noti hizi zipo. Hakitamwambia zinasikikaje kwako, kwa ridi yako, kwa meno na midomo yako. Mpigaji mmoja anazifanya zile noti za katikati kuwa za huzuni ya kuvutia, mwingine anazikimbia. Mtunzi akishasikia sauti ya mtu, anaacha kuandikia "klarineti" na kuanza kumwandikia mtu huyo. Ilhamu mnayoisoma vitabuni, kwa sehemu kubwa, ni hiyo: maarifa yaliyopitia sikioni.

Mozart na mpiga klarineti Anton Stadler wanalionyesha jambo hili vizuri kuliko wote. Stadler aliipenda sauti ya chini hata akapiga klarineti iliyorefushwa, iliyotengenezwa na fundi Theodor Lotz wa Vienna, inayoshuka nusu-toni nne chini ya klarineti ya kawaida. Wakati wapigaji wengine waliona heshima iko kwenye noti za juu, yeye alijenga makao yake chini. Basi Mozart akaandika kazi ya ala tano mwaka 1789, na koncheto, yaani kazi ya mpigaji mmoja mbele ya okestra, Oktoba 1791, miezi miwili tu kabla ya kufariki. Sikiliza jinsi klarineti katika koncheto ile inavyoruka ghafla toka juu hadi chini kabisa na kurudi, kana kwamba watu wawili wanajibizana. Hilo lisingemjia Mozart kwa mtu mwenye tabia nyingine. Na mwandishi mmoja aliyemsikia Stadler mwaka 1784 alimsifu hadharani, akisema hakuwahi kudhani klarineti inaweza kuiga sauti ya binadamu kiasi kile. Sauti ya binadamu, kaka! Na rafiki yako anatunga nyimbo za kuimbwa. Nitarudi hapo.

Kwanza nimjibu yeye, maana hofu yake ni ya kweli na ina dawa. Mwaka 1808 mpiga klarineti Johann Simon Hermstedt alimwendea mtunzi Louis Spohr kule Gotha akitaka koncheto. Hermstedt alikuwa mtu wa bendi kama wewe: aliongoza bendi ya ala za kupuliza ya mtawala wa Sondershausen, na mtawala huyo ndiye aliyetoa fedha. Spohr alikuwa bingwa wa fidla. Klarineti aliijua kwa mipaka yake tu, inaanzia noti gani na kuishia ipi. Akaandika alivyosikia moyoni, na mengine hayakuwa rahisi hata kidogo kwa ala ya wakati ule. Koncheto ilipochapishwa Spohr alieleza jambo hilo waziwazi kwenye utangulizi: Hermstedt hakumwomba abadilishe muziki. Aliibadilisha ala yake. Akaongezewa vibonyezo mpaka zile noti zikapigika, na Spohr akamwandikia koncheto nyingine tatu baadaye.

Nataka rafiki yako aisome aya hiyo mara mbili. Kutoijua klarineti hakukumzuia Spohr, na pengine kulimsaidia, kwa kuwa aliandika kitu ambacho mpigaji asingethubutu kukiomba. Lakini tusijidanganye: Hermstedt alikuwa na fedha za mtawala na fundi karibu. Wewe una ala ya kikosi ambayo huwezi kutoboa tundu jipya. Kwa hiyo ninyi mtahitaji kukaa pamoja mara nyingi zaidi kuliko wao, ili kisichowezekana kigunduliwe mapema, kwenye penseli, kabla hakijawa wino.

Na usiidharau bendi yako. Heinrich Baermann, mpiga klarineti aliyemfanya Weber aandike Concertino, yaani koncheto fupi, na koncheto mbili ndani ya mwaka mmoja, 1811, alilelewa kwenye muziki wa kijeshi Potsdam. Concertino ilipopigwa Munich tarehe 5 Aprili, mfalme wa Bavaria aliipenda akaagiza koncheto mbili papo hapo. Weber alimsifu Baermann kwa usawa wa sauti, toka juu hadi chini rangi ileile. Usawa huo haushuki kama mvua, unatokana na noti ndefu za kila asubuhi, na wewe unayepiga gwaride juani unajua kushika noti. Katika sehemu ya polepole ya koncheto ya kwanza kuna mahali okestra inanyamaza, zinabaki klarineti na honi tatu tu, kama wanaume wachache wanaimba tenzi chini chini. Mpigie mwalimu wa kwaya pale. Ataelewa bila maelezo.

Swali lako la kiwango nalijibu hivi. Unapaswa uwe na kitu kimoja ambacho ukikifanya mtu anageuka kusikiliza. Kimoja kinatosha. Kwa Stadler kilikuwa sauti ya chini. Kwa Mühlfeld kilikuwa noti ndefu. Kwa Aage Oxenvad wa Denmark kilikuwa hulka yake yenyewe, ya hasira za ghafla na upole wa ghafla, na mtunzi Carl Nielsen akaiandika mwaka 1928 katika koncheto ambayo klarineti inagombana na ngoma ndogo ya gwaride karibu mwanzo hadi mwisho. (Isikilize hiyo hasa wewe, ngoma ile utaitambua.) Inasimuliwa kwamba Oxenvad alisema Nielsen lazima anajua kupiga klarineti, la sivyo asingezipata noti zilizo ngumu kuliko zote. Na urafiki wao ulianzia kwenye simu: mwaka 1921 Nielsen alimpigia rafiki yake mpiga piano, akasikia nyuma yake wapigaji wa kundi la ala tano za kupuliza wakifanya mazoezi, akaomba kwenda kuwasikiliza. Alipanga kumwandikia kila mmoja wa wale watano koncheto yake. Alipofariki mwaka 1931 alikuwa ameandika mbili tu, ya filimbi na ya klarineti.

Ikiwa bado hujakijua hicho kitu chako kimoja, hapo ndipo ninapokushauri utafute mtu wa kukusikiliza ana kwa ana kabla ya kumwita mtunzi. Mkuu wa muziki wa kikosi chenu, au mwalimu wa ala za kupuliza kwenye chuo cha muziki kilicho karibu nawe. Mwombe saa moja tu, mpigie, umuulize: "Sauti yangu iko wapi?" Mimi siwezi kukujibu hilo kwa maandishi. Vilevile kama unapata ganzi au maumivu kwenye kidole gumba cha kulia, kile kinachobeba uzito wa ala, au mdomo unachoka baada ya dakika chache, usiongeze mazoezi. Mwalimu atazame unavyoshika na unavyobana, na maumivu yakiendelea nenda kwa daktari. Nimeona vijana wengi wakidhani maumivu ni sehemu ya bidii.

Kuhusu fedha, historia imefanya kila aina. Benny Goodman, mpiga klarineti Mmarekani wa jazi, alilipa mfukoni mwake na akawapata wakubwa. Kwa pendekezo la mpiga fidla Joseph Szigeti alimwagiza mtunzi Bartók mwaka 1938 vipande viwili vifupi vya kutosha pande mbili za santuri. Bartók akaleta kazi ya sehemu tatu, ndefu kuliko alivyoombwa. Mtunzi Copland alilipwa dola 2,000 kwa koncheto yake, na Goodman akapata haki ya kuipiga peke yake kwa miaka miwili. Hata hivyo mwisho wake ulikuwa na noti za juu zilizompa Goodman wasiwasi, Copland akazipunguza, na kwenye karatasi zake akaandika kwamba zilikuwa ngumu mno kwa Goodman. Mtu mashuhuri kiasi kile alipunguziwa noti, na kazi haikuharibika. Ni koncheto ya klarineti ya Marekani inayopigwa kuliko zote.

Mendelssohn, yeye, alilipwa kwa chakula. Baermann na mwanawe Carl walimpikia maandazi ya mvuke na mkate wa kukunjwa wenye krimu, naye akawaandikia kipande cha wapigaji wawili na piano. Wao jikoni, yeye mezani na karatasi.

Na wapo wasiolipana kitu. Henri Akoka, Myahudi aliyezaliwa Algeria mwaka 1912, alikuwa mateka wa vita wa Wajerumani mwaka 1940, kwenye uwanja wa wazi karibu na Nancy, pamoja na mpiga chelo Étienne Pasquier na mtunzi Olivier Messiaen. Akoka alikuwa na klarineti yake. Messiaen akamwandikia kipande cha klarineti peke yake. Hapakuwa na kibao cha kuwekea karatasi, Pasquier akaishika karatasi kwa mikono yake, na Akoka akaanza kujaribu palepale, nyasini, kati ya mateka. Alinung'unika kwamba hataweza. Messiaen akamwambia utaweza, utaona. Kipande hicho kina noti zinazoanza kwenye kimya kabisa na kukua, polepole mno, mpaka zinakaribia kupasua sikio. Kikaja kuwa sehemu ya kazi kubwa iliyopigwa mara ya kwanza tarehe 15 Januari 1941 ndani ya kambi ya Görlitz, mbele ya wafungwa na walinzi. Mara nyingi nikiona wanafunzi wanasema hawana mazingira, namkumbuka Pasquier na ile karatasi mikononi.

Kwa hiyo rafiki yako mpe unachoweza, na mkubaliane mapema. Ikiwa huna fedha, mwambie huna, umweleze utakachofanya: utaipiga kazi yake mara ngapi, wapi, na utairekodi vipi. Kwa mtunzi, kuhakikishiwa kwamba kazi yake itapigwa ni jambo zito. Wengi wana karatasi zilizolala kabatini.

Umiliki si mgumu mkiuandika; watu wanaugombania kwa kutouandika. Sheria za nchi hutofautiana kuhusu muziki ulioagizwa, kama ni wa aliyeutunga au wa aliyeuagiza, kwa hiyo andikeni wazi ni wa nani. Wewe unaweza kuomba upewe nafasi ya kuupiga wa kwanza, au upige peke yako kwa muda fulani, kama Goodman. Andikeni ukurasa mmoja, mtie sahihi wote wawili, kila mtu abaki na nakala yake. Fedha zikiingia, au redio na filamu zikiutaka, msiamue kwenye meseji za simu. Nendeni ofisi ya hakimiliki au kwa mwanasheria.

Na nakala za muziki wenyewe zitunzeni. Koncheto ya Mozart kama alivyoiandika kwa mkono wake haipo leo. Mwaka 1800 mjane wake, Constanze, alimwandikia mchapishaji kwamba Stadler anadai sanduku lake lenye karatasi za Mozart liliibiwa Ujerumani, na kwamba wengine wanasema aliliweka rehani. Ilipokuja kuchapishwa, noti zile za chini kabisa zilikuwa zimepandishwa ili zipigike kwenye klarineti ya kawaida, na wataalamu hadi leo wanazirudisha kwa kukisia. Piga picha kila ukurasa siku ileile.

Sasa nipime nawe njia zilizopo. Kusubiri mpaka uwe bingwa naiona mbaya kuliko zote, kwa sababu muziki ulioandikiwa wewe ndio utakaokukuza. Unakudai kitu ambacho vipande vya zamani havikudai. Kuanza na koncheto kubwa nayo siishauri, mtachoka kabla ya ukurasa wa kumi. Njia ya kati ni rafiki yako achukue tenzi moja aliyokwisha kuitunga, aipangie klarineti na kinanda, au klarineti na kwaya yake, dakika tatu au nne. Hiyo itakuwa shule yenu. Baada yake ndipo aandike kitu kipya. Na ujiandae kwamba cha kwanza huenda kisipendeze. Goodman huyohuyo aliandikiwa koncheto na mtunzi Milhaud mwaka 1941 na hakuwahi kuipiga, na bado watunzi waliendelea kumwandikia. Kazi za maana mara nyingi huja baada ya watu kuzoeana. Magnus Lindberg wa Finland alimwandikia Kari Kriikku kipande mwaka 1983 wakiwa vijana, na koncheto aliyomwandikia, ambayo sasa wapigaji wa dunia nzima wanaitaka, ilikuja mwaka 2002.

Tena nakwambia bila kubembeleza: umepata mtunzi anayekufaa. Mtunzi wa piano huandika sentensi zisizo na mahali pa kuvuta pumzi. Mwalimu wa kwaya hawezi kufanya kosa hilo, maana kila Jumapili anaona waimbaji wake wakikata pumzi. Solfa pia inamsaidia. Klarineti yako ya B-bemoli ikisoma do inatoka toni moja chini, kwa hiyo kinanda kikiwa kwenye F wewe unasoma G, na hapo ndipo watunzi wengi wapya hukwama. Kwenye solfa do ni do popote, wewe ndiye utakayehamishia kwenye mistari mitano. Kinachopungua kwenye solfa ni urefu wa ngazi: klarineti inapita okteva tatu, na vile vidokezo vya juu na chini ya herufi vitawachanganya. Basi kwa kila mstari mkubaliane uko kwenye sauti yako ya besi, ya katikati, au ya soprano, na aandike hivyo pembeni.

Mwite Jumamosi, mahali penye utulivu, na umwambie asije na karatasi ya kutungia. Aje na masikio, saa na daftari. Usimpigie kipande chako kigumu. Anza na noti ya chini kabisa uliyonayo, ianzishe kwenye kimya, ikuze mpaka ijae chumba, kisha uirudishe kimya; aandike ilichukua sekunde ngapi. Panda noti moja moja kwa mwendo huo, na ukifika kwenye zile nyembamba za katikati usizifiche, mwambie hizi ndizo zinazonisumbua. Vuka mpaka na kurudi mara kadhaa, polepole halafu haraka, asikie panapokwama. Kisha mwombe aimbe mstari wowote wa tenzi yake, nawe umwigizie juu, umwigizie chini, umwulize ni wapi ameusikia wimbo wake zaidi. Atakapoonyesha kwa kidole, hapo mpe penseli.